Ashera ni nani, au ni nini? Naomba maana ya jina hili kwa Kiebrania

1. Msomaji wa Mbeya

Salaam wakuu.

Kuna neno kwenye Agano la Kale limenikwamisha, naomba wenye ujuzi wa Kiebrania mnisaidie. Waamuzi 6: Gideoni anaagizwa aibomoe madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake, aikate Ashera iliyo karibu nayo, na kuni zake azitumie kuteketezea ng'ombe. Hapo Ashera ni kitu, kinakatwa na kinawaka moto. Nenda 1 Wafalme 18:19, Eliya anataka waletwe manabii 450 wa Baali na manabii 400 wa Ashera, wale wanaokula mezani pa Yezebeli. Mti utakuwaje na manabii? Halafu 2 Wafalme 21:7, Manase anaingiza hekaluni sanamu ya kuchonga ya Ashera. Kama Ashera yenyewe ni sanamu, sanamu ya sanamu ni kitu gani?

Kiswahili nacho kinanibana, maana ni lazima nichague: "ile Ashera" au "yule Ashera". Biblia ya Muungano imeandika "maashera" kwenye wingi na kuendelea na safari.

Maswali ni mawili. Ashera ni nani au ni nini? Na jina lenyewe lina maana gani?

2. Jino la Pembe

Rahisi sana mkuu. Ashera ndiye Ashtorethi, mke wa Baali. Wababeli walimwita Ishtar. Mungu mmoja, majina matatu. Uzi ufungwe.

3. Kalamu ya Mwanzi

Usifungwe kwanza.

Jino la Pembe, kwa Kiswahili Ashera na Ashtorethi yanaonekana ndugu kwa sababu yote yanaanza na "ash". Kwa Kiebrania herufi ya kwanza si moja. Ashera inaanza na alefu, Ashtorethi inaanza na ayini. Sisi tulipochukua maneno ya Kiarabu tuliziua herufi hizo zote mbili zikawa "a" tupu. Chukua "asili" na "asali": kwa Kiarabu la kwanza lina alifu, la pili lina ayini, na hakuna Mwarabu atakayekuambia ni neno moja.

Ushahidi mkubwa uko Ugarit, mji wa kale kwenye pwani ya Syria, pale panapoitwa Ras Shamra. Mwaka 1928 mkulima aligonga kaburi la kale kwa jembe lake, na mwaka uliofuata Wafaransa chini ya Claude Schaeffer wakaanza kuchimba. Zikapatikana mbao za udongo zenye mashairi ya miungu ya karne ya 14 na 13 KK hivi. Humo yumo Athirat, na yumo pia Athtart. Ni wawili, kila mmoja na shughuli zake. Athirat ndiye Ashera wa Kiebrania, Athtart ndiye Ashtorethi. Na kule Athirat si mke wa Baali hata kidogo. Ni mke wa El, mkuu wa miungu, mama wa miungu yenye idadi ya 70. Baali akitaka kujengewa jumba lake inabidi aende kwanza kumbembeleza huyo mama ili akamwombee kwa El.

Kwa hiyo kwa swali la kwanza jibu langu ni "yule". Alikuwa mungu wa kike kabla hajawa mti.

4. Mkazi wa Bukavu

Jambo yenu wote. Jino la Pembe msimlaumu sana. Mimi nimekulia na Biblia ya Kifaransa ya Segond, na pale 1 Wafalme 18:19 imeandikwa manabii 400 wa "Astarté". Huyo ni Ashtorethi. Kosa limo ndani ya Biblia za watu, wala halikuanzia kwenye uzi huu.

5. Jino la Pembe

Asante Bukavu. Na Waisraeli wenyewe je? Waamuzi 2:13 wanatumikia Baali na Maashtorethi. Sura inayofuata, 3:7, wanatumikia Mabaali na Maashera. Mwandishi yuleyule, habari ileile, majina yanabadilishana. Kama mwandishi wa Waamuzi hakuona tofauti, mimi nitaionaje?

6. Kalamu ya Mwanzi

Hoja nzuri hiyo. Lakini inaonyesha kwamba wakati kitabu kinaandikwa watu walikuwa wameanza kuwasahau. Haionyeshi kwamba tangu mwanzo walikuwa mmoja. Mbao za Ugarit ni za karne nyingi kabla.

7. Maalim wa Muscat

Assalaam alaykum. Niongeze mawili kutoka huku.

Kwanza, Biblia ya Kiarabu ya Van Dyck haina Ashera kabisa. Imeandika "as-sawari", yaani milingoti, nguzo ndefu. Gideoni anakata "sariya". Na kwenye 1 Wafalme 18 wale wa Yezebeli wamekuwa "manabii wa milingoti". Kwa hiyo mfasiri huyu alishikilia kitu moja kwa moja, hata pale ambapo kitu hakileti maana.

Pili, kuhusu jina. Angalieni "th" ya Athirat na "sh" ya Ashera. Hiyo ni kanuni ya lugha hizi: penye "th" ya Kiarabu, Kiebrania mara nyingi huweka "sh". Waswahili mnazo hesabu za Kiarabu tayari. Thelathini, kwa Kiebrania ni sheloshim. Themanini ni shmonim. Kwa hiyo mzizi wa Ashera utafuteni kwenye alifu, tha, ra. Kwa Kiarabu hapo pana "athar", alama ya mguu, kinachobaki nyuma ya aliyepita. Ndilo neno lenu "athari".

8. Kijiwe cha Jioni

Maalim umenifungua macho. Nimekuwa nikihesabu Kiebrania sokoni miaka yote na hakuna aliyeniambia.

9. Seremala wa Keko

Mimi Kiebrania sijui, mbao nazijua. Nisaidieni kwenye hii ya Gideoni.

Kwanza, anaambiwa ng'ombe wa miaka saba ateketezwe mzima kwa kuni za Ashera. Ng'ombe wa umri huo si mbuzi. Kumfanya awe majivu unahitaji kuni nyingi. Kwa hiyo tusipige picha ya kijiti au kinyago cha kuweka juu ya meza. Kilikuwa kitu kinene na kirefu.

Pili, Gideoni alifanya usiku mmoja kwa kuogopa watu wa mji, na asubuhi watu wakakuta kazi imekwisha. Mti mbichi ukiukata saa nne usiku, hauwezi kukuunguzia ng'ombe kabla ya alfajiri. Utatoa moshi, utalia, utakuchelewesha. Hizo zilikuwa mbao kavu. Kwa maoni yangu Ashera ya pale Ofra ilikuwa nguzo iliyosimamishwa siku nyingi, haukuwa mti wenye mizizi.

10. Katekista Mstaafu

Seremala, nimeipenda hoja yako, lakini Kumbukumbu la Torati 16:21 inakukatalia. Pale sheria inasema usipande Ashera, mti wowote, kando ya madhabahu ya BWANA. Neno ni kupanda. Huwezi kupanda mbao kavu.

Na wazee wa Kiyahudi walielewa hivyo. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa takriban mwaka 200 BK, katika sehemu inayohusu ibada za sanamu, inataja aina tatu za ashera, na zote tatu ni miti: uliopandwa tangu mwanzo kwa ajili ya ibada, uliopogolewa kwa ajili ya ibada, na ule ambao sanamu iliwekwa chini yake. Nyuma zaidi, waliotafsiri Torati kwa Kigiriki waliandika "alsos", kijisitu kitakatifu. Hieronimo kwa Kilatini akaandika "lucus", kijisitu. Biblia ya Kiingereza ya 1611 nayo ikafuata hukohuko. Karibu miaka elfu mbili Wakristo na Wayahudi walisoma kijisitu au mti. Haya ya mungu wa kike yamekuja na wachimbaji wa juzi.

11. Kalamu ya Mwanzi

Mzee wangu shikamoo. Naomba nikupinge kwa heshima.

"Kupanda" katika Kiebrania ni nata, na halitumiki kwa miti tu. Mhubiri 12:11 linatumika kwa misumari iliyopigiliwa. Danieli 11:45 linatumika kwa mahema. Kwa hiyo "usipande" inaweza kuwa "usichimbie, usisimike", na nguzo ya Seremala inaingia humo bila taabu.

Tazama pia vitenzi vingine vinavyokwenda na neno hili. Ahabu "alifanya" Ashera (1 Wafalme 16:33). Watu wa Yuda "walijenga" mahali pa juu, nguzo za mawe na maashera (14:23). Wengine "walisimamisha" (2 Wafalme 17:10). Mti haufanywi wala haujengwi. Na huo mstari wa 14:23 unamalizia kwamba maashera yalijengwa juu ya kila kilima kirefu na chini ya kila mti wenye majani mabichi. Kama ashera ni mti, imekaaje chini ya mti?

12. Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Lakini Mika 5:14 inasema "nitayang'oa". Kung'oa ni kwa kitu chenye mizizi.

13. Seremala wa Keko

Mzee, hata nguzo ya umeme inang'olewa.

14. Mwana wa Kilifi

Nisomavyo huu mjadala nakumbuka vigango vya kwetu Mijikenda. Mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wa heshima, akifa, baada ya muda anasimikiwa kigango, mbao ndefu iliyochongwa, kichwa kimeviringwa. Ukimuuliza mjukuu "hiki ni nini?" atakwambia "huyu ni babu". Hasemi "hii ni mbao inayomwakilisha babu". Lakini anajua vizuri babu amezikwa. Kitu na mwenye kitu vinatumia jina moja na hakuna anayechanganyikiwa. Labda na wao walisema "Ashera" kwa mama na kwa nguzo yake, na swali la "yule" au "ile" ni letu sisi tunaosoma kutoka mbali.

15. Jino la Pembe

Kigango si mungu, mkuu. Ni ukumbusho wa marehemu. Usiwaingize wazee wetu kwenye orodha ya Yezebeli.

16. Mwana wa Kilifi

Sijawaingiza. Nimezungumzia jina linavyotumika, sijagusa ibada.

17. Mdadisi Huru

Mnazunguka mbuyu. Semeni ukweli ambao makanisa hayausemi: Mungu wa Israeli alikuwa na mke, na mke ni Ashera. Wamechimba hekalu la Yerusalemu wakakuta maandishi "Yahweh na Ashera wake". Mambo yako wazi.

18. Dada wa Makumbusho

Mdadisi, hakuna aliyechimba hekalu la Yerusalemu. Mlima ule hauchimbwi. Maandishi unayoyasema yametoka sehemu mbili tofauti.

Ya kwanza ni Kuntillet Ajrud, kaskazini mashariki ya Sinai, jangwani, kituo cha wasafiri. Ze'ev Meshel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alichimba pale 1975 na 1976. Kulikuwa na mitungi mikubwa ya mwaka 800 KK hivi, imechorwa na kuandikwa kwa wino. Mmoja una salamu: nimewabariki kwa YHWH (ndiyo herufi nne za jina Yahweh) wa Samaria na kwa asherato. Kuna nyingine ya YHWH wa Temani na neno lilelile. Ya pili ni Khirbet el-Qom, karibu na Hebroni, kwenye kaburi la mtu aitwaye Uriyahu, karne ya 8 KK. William Dever ndiye aliyeyafuatilia mwaka 1967. Pale pia Uriyahu anabarikiwa na YHWH na kuokolewa na adui zake, na neno asherato linatajwa.

Kwa hiyo maandishi yapo na ni ya kweli. Ila neno "mke" halimo. Lililomo ni "asherato", yaani ashera yake au Ashera wake. Tumerudi kwenye swali la aliyeanzisha uzi.

19. Kalamu ya Mwanzi

Na hapo penye "-o" ya mwisho ndipo wataalamu wanapokamatana mashati. Kiebrania cha Biblia hakibandiki kiambishi cha umiliki kwenye jina la mtu. Husemi "Daudi-wake". Kwa hiyo wengi wanasema asherato haiwezi kuwa jina la mungu wa kike, ni lazima iwe kitu: nguzo yake, alama yake. Wengine wanasoma herufi ya mwisho kwa namna nyingine, likawa jina kamili "Asherata" lisilo na umiliki wowote.

20. Bi Shangazi

Lakini watu husema. "Juma wetu amefika." "Asha wangu hajambo?" Nani amewaambia jina la mtu halimilikiwi?

21. Msomaji wa Mbeya

Shangazi, hicho ni Kiswahili. Wao wanazungumzia Kiebrania.

22. Maalim wa Muscat

Shangazi ana hoja zaidi ya mnavyodhani. Kwenye Kiarabu pia sarufi inakataa, lakini kuna ubeti wa kale ambao kila mwanafunzi wa nahau anaujua, mshairi anasema "Zayd wetu alikipanda kichwa cha Zayd wenu". Zaydunā, Zaydikum. Wanasarufi wanaufafanua hivi: wakiwapo Zayd wawili, jina linageuka kuwa la kawaida na linaweza kumilikiwa. Je, kama palikuwa na Ashera wengi, wa Tiro, wa Samaria, wa Yerusalemu? Huenda "Ashera wake" ni wa YHWH ili asidhaniwe kuwa wa Baali. Sisemi ndivyo. Nasema mlango huo wa sarufi haujafungwa kama Kalamu anavyoufunga.

23. Mchungaji Msafiri

Amani kwenu. Mdadisi anasema makanisa hayasemi. Biblia yenyewe imesema kabla ya mchimbaji yeyote. 2 Wafalme 23 inaeleza Yosia akitoa hekaluni vyombo vilivyofanywa kwa ajili ya Baali, Ashera na jeshi la mbinguni, akaitoa Ashera yenyewe, akaichoma kijito cha Kidroni, akaisaga ikawa mavumbi. 1 Wafalme 15:13, mfalme Asa alimvua Maaka umalkia kwa sababu ya sanamu yake ya kuchukiza kwa ajili ya Ashera. Hakuna aliyeficha. Waisraeli waliabudu hivyo na manabii wakawakemea. Mtungi wa jangwani unathibitisha walichokuwa wakikemea. Hauthibitishi kwamba Mungu ana mke.

24. Mdadisi Huru

Mchungaji, swali langu ni hili: mbona hekalu lilikuwa nayo kwa miaka mingi hadi Yosia? Na 2 Wafalme 13:6 inasema Ashera ilibaki imesimama Samaria hata baada ya Yehu kufagia ibada yote ya Baali. Yehu aliua manabii wa Baali hadi wa mwisho na akaiacha Ashera. Kwa nini? Saul Olyan alilijenga hoja hili mwaka 1988: kwa watu wa siku zile Ashera ilikuwa sehemu halali ya ibada ya YHWH, na waliokuja kuipinga ni shule moja ya waandishi, ile ya Kumbukumbu la Torati.

25. Mchungaji Msafiri

Kuachwa si kuhalalishwa. Yehu mwenyewe aliziacha ndama za dhahabu za Betheli na Dani, na kitabu kinamhukumu kwa hilo.

26. Msimamizi wa Jukwaa

Mjadala wa kama Mungu ana mke una uzi wake. Hapa mada ni neno. Mabandiko matatu ya matusi yameondolewa.

27. Msomaji wa Mbeya

Nashukuru Msimamizi. Bado sijajibiwa swali la pili. Jina lina maana gani? Maalim ametaja "athar", nyayo. Ndiyo hiyo?

28. Kalamu ya Mwanzi

Hiyo ni mojawapo. Huko Ugarit jina lake kamili ni rabbatu athiratu yammi, na yammi ni bahari. Mmarekani William Albright alilisoma kama sentensi: Bibi anayekanyaga bahari, au anayetembea juu ya bahari. Inapendeza kwa sababu katika mashairi Athirat yuko ufukweni, na mtumishi wake anaitwa mvuvi wa Athirat. Ugumu ni kwamba jina hili lipo hata mbali na bahari na bila neno bahari. Kwenye barua za Amarna, zile za udongo zilizopatikana Misri, karne ya 14 KK, kuna mtawala wa Amurru aitwaye Abdi-Ashirta, "mtumwa wa Ashirta". Yemen ya kale, kwenye ufalme wa Qataban, wanamtaja Athirat vilevile. Ukikata "bahari" unabaki na "mwenye kukanyaga", jina lisilokamilika. Wengine wanasema yam hapo si bahari, ni siku, kwa hiyo ni Bibi anayeukanyaga mchana, kama jua. Hilo mimi halinikai.

Njia ya pili: Kiakadi, lugha ya Babeli ya kale, kina ashirtu, mahali patakatifu, na Kifoinike kina neno la namna hiyo kwa hekalu dogo. Kwa Kiugarit chenyewe athr ni mahali. Kwa maana hii Ashera ni "Patakatifu", mahali pamegeuzwa mungu. Edward Lipiński alisukuma upande huu mwaka 1972, akisema kwamba sehemu nyingi za Biblia hazimzungumzii mungu wa kike bali kijisitu au mahali pa ibada. Katekista atafurahi.

29. Katekista Mstaafu

Nimefurahi.

30. Maalim wa Muscat

Na njia ya tatu imo kwenye athar hiyohiyo. Anayeacha nyayo anafuatwa, na anayefuata nyayo anakwenda nyuma ya mwenzake. Baruch Margalit aliandika mwaka 1990 kwamba Ashera maana yake ni "anayefuata", yaani mke, mwenzi wa El. Kwa hiyo hapo mwanzo lingekuwa neno la kawaida, likawa jina baadaye. Hilo lingeondoa pia tatizo la "-o", maana neno la kawaida linamilikiwa.

31. Bi Shangazi

Nyie wanaume mmepata mungu wa kike mama wa wana sabini, na maana mliyomtafutia ni "anayefuata mume"?

32. Kijiwe cha Jioni

Shangazi amefunga goli kutoka katikati ya uwanja.

33. Babu wa Asheri

Nimesoma yote kimya. Mbona hamsemi heri? Mjukuu wangu anaitwa Asheri, jina nililomchagulia mimi, kutoka Mwanzo 30:13. Lea alipompata mtoto alisema ni heri yangu, wanawake wataniita mwenye heri, akamwita Asheri. Kiebrania ni be'oshri, ki ishruni. Herufi ni zilezile: alefu, shini, reshi. Mungu wa kike wa uzazi, na mwanamke anafurahia kuzaa, na jina ni Asheri. Kuna waliosema Lea hapo alimtaja Ashera mwenyewe, na mwandishi akalainisha.

34. Mchungaji Msafiri

Mzee, usimbadilishie mjukuu dini kwa sababu ya uzi.

35. Babu wa Asheri

Jina la mjukuu halibadiliki. Nauliza kama maneno haya mawili ni ndugu.

36. Kalamu ya Mwanzi

Babu, herufi zinafanana, na Kiebrania kina mzizi mmoja wa "kwenda" na mmoja wa "kuwa na heri" ambao kwa macho huwezi kuutenganisha. Wapo wanaoona ni mzizi mmoja (anayekwenda vizuri ana heri), wapo wanaoona ni miwili iliyogongana. Wenyeji waliokisema Kiebrania hawakuhitaji kamusi. Wakisikia ashera wakasikia na ashrei, heri, humo humo. Zaburi ya kwanza inaanza na neno hilo, ashrei, heri mtu yule, na mstari wa tatu unamfananisha na mti uliopandwa kando ya vijito. Sidai kitu. Naweka tu hapo.

37. Dada wa Makumbusho

Kwenye mti turudi kidogo, maana Katekista ameachwa peke yake na hastahili. Lakishi, mji wa kale wa Yuda, ulipatikana mtungi wa karne ya 13 KK, kabla ya wafalme wa Israeli. Umeandikwa kwamba ni zawadi kwa Bibi "elat", mungu wa kike. Chini ya maandishi kuna mti wenye mbuzi huku na huku, na neno elat limekaa juu ya mti barabara. Taanaki, mji wa kale kaskazini mwa Israeli, kilichimbwa kinara cha udongo cha ibada, karne ya 10 KK, ghorofa nne. Kwenye moja kuna mwanamke uchi akishika simba wawili, kwenye nyingine simba walewale wako pembeni ya mti. Aliyekifinyanga anaonekana alijua mwanamke na mti vinapokezana nafasi. Na hata Kuntillet Ajrud, mtungi wenye baraka una mti wenye mbuzi, na chini yake simba.

Kwa hiyo wafasiri wa Kigiriki waliosema kijisitu hawakuota. Walipokea kumbukumbu ya mti baada ya jina la bibi kusahaulika.

38. Seremala wa Keko

Mti umekubalika, ila mkavu.

39. Mkazi wa Bukavu

Kuna jambo kwenye zile 400 za Yezebeli. Mstari wa 19 wanaitwa. Baada ya hapo, kimya. Eliya mstari wa 22 anahesabu 450 wa Baali peke yao. Mstari wa 40 wanaokamatwa na kuuawa ni wa Baali. Hao 400 walikwenda wapi? Wapo wanaosema waliongezwa na mkono wa baadaye, na kama ni hivyo ushahidi wa "yule" unapungua sana kwenye Biblia.

40. Kalamu ya Mwanzi

Kweli, ila tafsiri ya Kigiriki inawataja tena kwenye mstari wa 22. Na ukiwaondoa hao, bado una vyombo "kwa Baali, kwa Ashera na kwa jeshi la mbinguni" vya 2 Wafalme 23:4. Huwezi kumpa nguzo vyombo katikati ya Baali na nyota.

41. Mdadisi Huru

Na Hosea 14:8? Mungu anasema "nimeitikia, nitamwangalia", kisha anajifananisha na mberoshi wenye majani mabichi. Kiebrania ni ani aniti va'ashurennu. Mjerumani Julius Wellhausen alipendekeza kwamba maneno asilia yalikuwa ani anato va'asherato, "mimi ni Anati wake na Ashera wake" (Anati ni mungu mwingine wa kike wa Ugarit). Kwamba unachokitafuta kwenye mti wao, kipo kwangu. Na mti unafuata mstari huohuo.

42. Mchungaji Msafiri

Hakuna nakala hata moja ya Hosea yenye maneno hayo. Ni kubadilisha maandiko ili yaseme unachotaka.

43. Maalim wa Muscat

Si lazima ubadilishe. Nabii anaweza kuacha "ashurennu" iwe "nitamwangalia" na bado msikilizaji akasikia Ashera sikioni. Washairi hufanya hivyo kila siku. Na kwa anayetafuta mstari huo kwenye Biblia ya Kiebrania, ni 14:9.

44. Fundi Mfumaji

Mimi ni mshonaji na mfumaji, nimevutwa na mstari ambao wote mmeupita: 2 Wafalme 23:7. Ndani ya nyumba ya BWANA kulikuwa na wanawake waliofuma kwa ajili ya Ashera. Walifuma nini? Biblia nyingi zinaweka mapazia au mahema. Kama Kalamu au Maalim ana Kiebrania chake, naomba.

45. Kalamu ya Mwanzi

Kiebrania kinasema walifuma battim, "nyumba". Nyumba hazifumwi, kwa hiyo kila mfasiri anajikokota kivyake.

46. Maalim wa Muscat

Kwa Kiarabu kuna neno batt, vazi zito la sufu. Wataalamu kadhaa wameliona hilo na kusema wanawake walikuwa wakimfumia mavazi.

47. Fundi Mfumaji

Basi anayevalishwa ni sanamu yenye mabega. Hapo nakubaliana na "yule".

48. Seremala wa Keko

Dada, hata nguzo huvishwa kitambaa.

49. Dada wa Makumbusho

Fundi, kuna shairi la Ugarit ambapo Athirat mwenyewe anashika mkononi kijiti cha kusokotea uzi, pale kando ya bahari, na nguo yake anaitia majini. Kwa hiyo ufumaji ulikuwa wake tangu zamani, wala haukubuniwa Yerusalemu.

50. Fundi Mfumaji

Huyo mvuvi wake aliyetajwa na Kalamu, yeye anaingiaje? Na shairi lenyewe linapatikana kwa Kiswahili popote? Mwenye nalo aliweke hapa, hata nusu.